Kibofu cha Ukoo

Jumatatu, 4 Machi

Shule imefunguliwa na mvua imeanza siku hiyohiyo, kana kwamba walipatana. Ufunguo wa choo cha walimu bado unaning'inia nyuma ya kiti cha karani, umefungwa kwenye kipande cha ubao kirefu kama mkono wangu kutoka kiwiko mpaka vidoleni. Eti usipotee. Chumba kizima cha watu wenye shahada, na hatuaminiwi na ufunguo mmoja.

Niliponyoosha mkono kuuchukua kwa mara nyingine, karani hakuinua macho kwenye simu yake. "Mwalimu wa Historia," alisema, kwa sauti ya kufika mpaka chumba cha walimu, "huo ubao si tukupe tu uende nao nyumbani?"

Wakacheka. Aliyecheka mpaka mwisho ni mwalimu wa hesabu, tunayemwita Kipenga kwa sababu zamani alikuwa refa na hajaacha mpaka leo. Nikatoka na ubao wangu kwenye mvua kama mtu aliyetumwa kuchunga. Choo kiko ng'ambo ya uwanja.

Ninaandika hapa kwa sababu simjui mtu ninayeweza kumwambia bila kupewa ushauri. Maumivu yako chini ya kitovu, karibu kabisa na mfupa. Kibofu kikijaa kidogo tu, ni kama mtu ameshika kitambaa kibichi anakikamua. Nikienda haja ndogo napata nafuu ya kutosha kusahihisha daftari mbili. Kisha mkamuaji anarudi kazini. Hivi ndivyo nilivyo tangu mwaka jana, na bado sina jina la kukiita kinachoniumiza.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Ubao. Mvua.

Alhamisi, 7 Machi

Ninaishi kwa shangazi, dada mkubwa wa baba, tangu nilipopangiwa shule hii. Nyumba ni ya vyumba viwili na choo kimoja, na sote wawili tunakihitaji wakati mmoja. Asubuhi tunapigana vikumbo mlangoni. Yeye hushinda, kwa sababu ya umri na upana.

Leo alinikuta nimejikunja kwenye kochi. Akanitazama kama fundi anavyotazama redio iliyoharibika.

"Kibofu?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Cha ukoo hicho. Bibi yako alikuwa hivyohivyo. Mimi nipo hivyohivyo. Wanawake wote wa upande wetu tuna vibofu vya kuku."

"Kuku hana kibofu, Shangazi."

"Si ndiyo nakwambia!"

Basi akaleta kopo lake la biskuti. Ndani hamna biskuti. Mna vidonge vya kila rangi, vilivyobaki kwa wagonjwa waliopona, waliohama na waliokufa. Akachagua viwili vya rangi mbilimbili, akavipuliza vumbi, akanipa na maji. Nilivimeza. Sina la kujitetea. Mtu mwenye maumivu humeza chochote kinachopulizwa vumbi kwa uhakika wa namna ile.

Alifanya kazi kwenye kiwanda cha kutia rangi vitambaa tangu akiwa msichana mpaka kilipofungwa, na hadithi zake zote zinaishia hukohuko. Jinsi walivyochovya, jinsi walivyosuuza. Maji ya kwanza ni mazito kama damu, ya pili kama juisi, ya tatu kama chai iliyochujwa mara mbili, na ya nne, anasema akiinua kidole, ya nne unaiona sura yako. Nimeisikia hadithi hiyo mpaka ningeweza kuifundishia darasa.

Jumatatu, 11 Machi

Nimekwenda zahanati. Daktari alikuwa ameshika kalamu kabla sijakaa.

"Unasumbuliwa na nini?"

"Haja ndogo mara kwa mara, na maumivu..."

"UTI." Akaandika. "Una mume?"

"Hapana. Lakini daktari, nilipewa dawa hizi mwaka jana, zikaisha, na..."

"Mwenzio naye anywe," akasema, akachana karatasi. "Maji mengi. Mwambie anayefuata aingie."

Hakunigusa, hakupima, hakuuliza maumivu yanakuja lini. Nimewahi kuona watu wakichagua nyanya kwa makini zaidi. Na dawa ni zilezile, mara ya tatu sasa, kutoka kwa mtu anayemtibu mgonjwa mwingine aliye kichwani mwake, si mimi.

Ijumaa, 15 Machi

Dawa zimeisha. Hakuna kilichobadilika ila tumbo, ambalo sasa nalo linalalamika.

Shangazi kaniambia nisikate tamaa, na kunipa moyo akanisimulia ya kwake. Eti yeye, tofauti na mimi, haumwi kabisa. Anakwenda tu, anakwenda, anarudi. Na siku nyingine mkojo wake unatoka mwekundu.

"Mwekundu vipi?"

"Rangi ya kiwandani, mwanangu. Miaka yote ile mikono kwenye pipa la nyekundu, unadhani inakwenda wapi? Ilikaa mwilini. Sasa inajitoa yenyewe, kidogokidogo. Kisha inaacha. Kisha inajitoa tena."

Alisema hivyo akijipaka mafuta mikononi, na kucha zake kweli bado zina ukingo mwekundu ambao hakuna sabuni iliyowahi kuushinda. Niliona hoja hiyo ni nzuri kiasi kwamba nilitamani kuipeleka kwa mwalimu wa sayansi, aone tunavyoelimisha umma. Nikacheka peke yangu chumbani.

Jumanne, 19 Machi

Kipenga amesema mbele ya watu kwamba wanawake wakianza kwenda chooni hivi, baada ya miezi tisa shule hutafuta mwalimu wa muda. Nilimjibu kwamba hesabu zake huwa hazitoki hata ubaoni. Walimcheka yeye, na kicheko kilikuwa kitamu. Hakikutuliza kibofu.

Ijumaa, 22 Machi

Mchumba wangu amekuja. Ni mpima ardhi. Anapima vitu vikubwa visivyosogea, na pengine ndiyo maana anajiamini hivyo. Alikaa kwenye kiti cha shangazi, akakunja mguu, akaniambia amefikiria sana.

"Hii UTI yako haiishi," akasema. "Mimi dawa niliyoambiwa ninywe nimekunywa. Na mimi sijawahi kuugua kitu cha namna hii. Sasa kama inarudi na mimi sina, inarudi kutoka wapi?"

"Unauliza au unajibu?"

"Nauliza tu. Mtu ana haki ya kuuliza. Mama naye ameuliza."

Mama yake naye ameuliza. Kwa hiyo kibofu changu kimejadiliwa kwenye kikao cha familia, ajenda ya pili baada ya mabati ya jikoni. Nilitaka kumweleza kwamba ugonjwa huu hata wasichana wadogo huupata, na wazee, na watawa, na kwamba hakuna aliyethibitisha kama ninao. Nikaona uso wake. Alikuwa ameshamaliza kupima, na mipaka ameshaweka.

Shangazi alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Baba, samahani, hicho kiti nakihitaji."

Akasimama haraka, akatafuta pengine pa kukaa.

"Na hicho kingine pia," shangazi akasema. "Na kochi. Nasafisha."

Alisimama katikati ya chumba, mkoba mkononi, mpaka akaelewa. Alipoondoka shangazi hakusafisha kitu. Alirudi kwenye sufuria yake akiimba kwa pua. Nilikaa pale nikijaribu kumdharau kama kawaida, na kwa mara ya kwanza ilinibidi nifanye juhudi.

Alhamisi, 28 Machi

Nimelazimisha kipimo. Nilisimama mlangoni kwa daktari wa zahanati nikasema sitoki mpaka mkojo wangu uoteshwe maabara, ionekane kama una vijidudu. Akaniandikia, kama mtu anayemtupia mbwa mfupa apate kupita.

Mtu wa maabara, kijana mwenye usingizi, akauliza kama ninatumia dawa. Nikasema nilipewa kidonge na shangazi jana, kutoka kwenye kopo.

"Basi usinipe huo mkojo. Kama wadudu walikuwepo umewapiga nusu. Hawataota, tutasema huna, kumbe unao. Kaa bila dawa yoyote, njoo wiki ijayo."

Mwaka mzima nimekuwa nikivuruga ushahidi kwa mkono wangu mwenyewe. Mwalimu wa Historia.

Jumapili, 31 Machi

Bila dawa. Maumivu yaleyale kama nilipokuwa nazo, si zaidi wala pungufu. Shangazi anazunguka na kopo kama mhudumu wa ndege. Nimeliweka juu ya kabati asikofika. Amechukua kigoda.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimepeleka mkojo. Mvua imeingia ofisini kwa karani na kulowesha kila kitu isipokuwa ubao.

Jumatatu, 8 Aprili

Majibu: hakuna kilichoota. Hakuna vijidudu. Safi.

Daktari wa zahanati aliisoma karatasi, akaonekana kukasirika nayo. "Basi huna kitu," akasema. Nikamwambia ninaumwa sasa hivi, hapa nilipokaa, mbele yake. Akafikiri. "Mawazo," akasema. "Olewa." Lakini nilikuwa nimeshaamua kutotoka, na hatimaye akaniandikia barua ya kwenda hospitali kubwa, kwa daktari bingwa wa njia ya mkojo, ili tu niwe tatizo la mtu mwingine.

Nyumbani nilimwambia shangazi: hakuna kilichoota. Akapiga makofi. Akainua mikono juu.

"Tumepona!"

"Nani kapona?"

"Sisi! Si kibofu kimoja? Ugonjwa wa ukoo, majibu ya ukoo. Ningekwenda na mimi wangeniambia hayohayo, bure nikalowe mvua." Na akamwita jirani dirishani kumtangazia kwamba tumepimwa, yeye na binti wa kaka yake, na tuko safi.

Nilicheka mpaka nikakimbilia chooni. Wapo watu wanaotembelea nyota ya ndugu zao. Shangazi yangu anatembelea mkojo wa mpwa wake.

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua. Wanafunzi wameandika kwamba sababu kuu ya kuanguka kwa dola ni "kuchoka." Nimewapa maksi.

Jumanne, 16 Aprili

Daktari bingwa ni mwanamke mfupi aliyevaa raba, na mezani kwake kuna ua la plastiki lenye vumbi. Nilitafuta cha kumdharau na hilo ua ndilo pekee nililopata.

Aliniuliza maswali ambayo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, na akanyamaza nilipokuwa nikijibu.

"Kinauma lini?"

"Kikianza kujaa."

"Ukishakwenda haja?"

"Kinapoa. Kwa muda."

"Mkojo ukiwa unatoka, unaunguza?"

"Si sana."

"Homa? Harufu? Mkojo kuchafuka?"

"Hapana."

"Umewahi kulowa kabla hujafika?"

"Hapana. Nakimbia kwa sababu ya maumivu. Sikimbii kwa kuogopa kulowa."

Akainua macho. "Hilo ni jibu zuri sana," akasema, na mimi, mtu mzima, nilijisikia kama mtoto aliyepewa nyota kwenye daftari.

Kisha akanieleza. Alisema magonjwa ya kibofu yanavaa sare moja, kwa hiyo ukiyatazama kwa mbali, yakikimbilia chooni, huwezi kuyatofautisha. Lazima uyasogelee. Maambukizi huunguza mkojo unapotoka, huuchafua, na ukiotesha unaona wadudu. Ukipata dawa inayowafaa, yanaondoka. Kibofu chenye haraka kwa kawaida hakiumi. Kinatoa amri tu, sasa hivi au ulowe. Halafu kipo kibofu chenye maumivu: kikijaa kinauma, kikimwagwa kinapoa, na maabara haioni kitu. "Wenye hicho," akasema, "hulishwa dawa za wadudu wasiokuwepo, miaka, mpaka wanaambiwa ni mawazo."

"Waambiwe waolewe," nikasema.

"Hilo pia nimelisikia." Hakutabasamu. "Lipo na la nne. Hilo nalitafuta kwa kila mtu, hata nisipolitarajia, kwa sababu linaweza kujifanya lolote kati ya hayo. Uvimbe ndani ya kibofu. Umewahi kuona damu?"

"Mimi? Kamwe."

Na hapo, kwa kuwa nilikuwa na furaha ya kusikilizwa, nikataka kumchekesha. Nikamsimulia kibofu cha ukoo. Nikamsimulia kuku. Nikamwambia kwamba shangazi yangu anaamini rangi nyekundu ya kiwandani inamtoka kwenye mkojo, siku moja ipo, wiki mbili haipo, na wala haumwi, na kwamba majibu yangu yalipotoka safi aliwatangazia majirani kwamba yeye amepona.

Nilicheka. Nilipomaliza kucheka niliona kalamu yake iko mezani.

"Ana umri gani?"

Nikasema.

"Kiwanda cha rangi kweli?"

"Tangu usichana."

"Na haumwi kabisa."

"Ndiyo anavyojisifu."

"Damu inayouma naiogopa kiasi," akasema. "Damu isiyouma naiogopa sana. Inakuja, mtu anashtuka. Inaacha, mtu anasahau. Na rangi za viwanda vya zamani, nyingine zilikuwa na sumu ambayo mwili unaitoa kwa njia ya mkojo. Kibofu ndicho kinachokaa nayo, siku nzima, miaka yote. Shangazi yako hajakosea sana. Rangi yenyewe ilishatoka zamani. Hii inaweza kuwa ni kile ilichokiacha."

Hata mvua nje niliacha kuisikia.

"Inawezekana si hilo," akasema. "Lakini mlete. Wiki ijayo nitakuingiza wewe kamera ndogo nione ndani. Njoo naye siku hiyohiyo."

Nimerudi kwenye ukurasa wa tarehe kumi na tano Machi. Nimesoma nilivyoandika. Nilikuwa na kila kitu mbele yangu: rangi, kiwanda, kuja na kuacha, kutoumwa. Hata daktari wa zahanati hakupewa vingi hivyo. Yeye aliandika UTI na mimi nikaandika kichekesho, na sioni tofauti ya maana kati yetu ila mwandiko wangu unasomeka.

Jumatano, 17 Aprili

Nimemwambia. Amekataa.

"Hainiumi."

"Ndiyo maana, Shangazi."

"Sasa wewe unayeumwa huna kitu, mimi nisiyeumwa ndiyo mgonjwa? Hiyo ndiyo mliyosomeshwa?"

"Daktari anasema..."

"Majibu tunayo. Hakuna kilichoota."

"Yale ni majibu yangu! Ni mkojo wangu!"

"Unapiga kelele kwa nani?" Akaniangalia kuanzia miguuni. "Ulipokuja hapa na begi lako nilikuambia hiki ni changu, hiki ni chako? Leo mkojo ndiyo umekuwa wako."

Alhamisi, 18 Aprili

Hasemi nami. Chai yangu ilikuwa mezani, imefunikwa na sahani.

Jumamosi, 20 Aprili

Jua kidogo baada ya mvua. Shangazi alitoa beseni barazani kufua kabla mvua haijarudi. Alikuwa na kitambaa kipya chekundu, na rangi ilikuwa inamwagika kama kitambaa kimechinjwa. Nilikaa karibu naye, nikashika upande mmoja kumsaidia kukamua. Hakunifukuza.

Nilikuwa nimeandaa hotuba, yenye utangulizi. Nikalitazama beseni, nikaacha.

"Shangazi, haya ni maji ya ngapi?"

"Ya kwanza. Huoni?"

"Na ya pili yatakuwaje?"

"Mepesi."

"Yanaweza kuwa mazito kuliko haya?"

"Yatakuwaje mazito? Rangi imeshatoka."

"Na nguo ikishafika maji ya nne, ukaianika, ukaivaa. Inaweza baada ya mwezi kurudi maji ya kwanza?"

"We mtoto, hiyo nguo gani?"

Aliendelea kukamua, halafu mikono yake ikaenda polepole. Maji yalitiririka kwenye viwiko vyake. Aliyatazama kwa muda mrefu, kwa jicho lile la kazini ambalo sikuwahi kuliona kwa sababu sikuwahi kumtazama akifanya kazi.

"Ile ya mwezi wa kwanza ilikuwa kama ya pili," akasema. "Ikaacha. Hii ya juzi..." Akakunja mdomo. "Hii ya juzi ilikuwa ya kwanza kabisa. Ilikuwa na vipande."

"Vipande?"

"Kama maini."

Akamwaga beseni lote uani. Maji mekundu yakakimbia kuelekea mtaroni na sote tukayasindikiza kwa macho.

"Hiyo siyo rangi," akasema shangazi. Kisha, kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye niliyechelewa: "Sasa umekaa hapo, hiyo hospitali ni lini?"

Jumatano, 24 Aprili

Tumekwenda. Nililala mimi kwanza. Kamera si kitu cha kusimulia mezani, ila nimeona kibofu changu kwenye kioo cha televisheni: chumba kidogo cha waridi, kitupu. Daktari alisema hakuna uvimbe, hakuna jiwe, ukuta umekasirika tu. Kibofu chenye maumivu. Kina jina. Nililirudia jina hilo kimoyomoyo nikivaa viatu, na karibu nilie, kwa jambo la kipuuzi kama hilo, jina.

Akaingia shangazi. Aligombana na gauni la hospitali, akagombana na nesi, kisha nikasikia hagombani tena.

Daktari aliniita ndani kwa sababu shangazi alisema mimi ndiye mwenye kuelewa lugha yao. Kwenye kioo, kile chumba cha waridi, na ukutani kitu kimeota kama kikoliflawa kidogo, kinayumba kwenye maji. Hakikuonekana kibaya. Kilionekana kama kitu cha mapambo.

"Chako hakikuota kitu," shangazi akaniambia, macho kwenye kioo. "Changu kimeota."

Ijumaa, 26 Aprili

Karani: "Mwalimu wa Historia, leo hujagusa ubao, umepona?" Nikamwambia nimepeleka ufunguo kwa fundi akanichongea wa kwangu. Alirudi kwenye simu yake. Ufunguo wangu umefungwa kwenye uzi mwembamba, shingoni.

Alhamisi, 2 Mei

Wameukata ule uvimbe wa shangazi leo, kwa kupitia njia ileile ya kamera, bila kumpasua tumbo. Nilikaa kwenye benchi la bati nje ya chumba cha upasuaji. Mchumba alituma ujumbe kwamba amesikia, na kwamba mama yake anauliza kama hiyo ya shangazi ni ya kurithi. Nilimjibu kwamba ndiyo, ni ya ukoo wote, na inaambukiza wapima ardhi. Hajajibu. Nadhani sina mchumba. Nimelitafuta jeraha mahali linapostahili kuwepo, sijaliona.

Sikumfikiria yeye. Nilifikiri habari ya kwamba wiki zote hizi tulikuwa tukigombania mlango mmoja, mimi nikisaga meno na kujiona shahidi, na yeye akitoka anaimba, akinipisha kwa mikono miwili kama mtu wa mapokezi, "Karibu, zamu yako." Aliyekuwa kwenye hatari alikuwa ndiye anayeimba.

Alitoka na mrija na mfuko uliofungwa pembeni ya kitanda. Mfuko ulikuwa mwekundu. Alipofumbua macho hakuniuliza imekwendaje. Aligeuza shingo, akautazama mfuko.

"Ya kwanza," akasema, na akalala.

Ijumaa, 3 Mei

Nesi alikuja kubadilisha mfuko akasema unaendelea vizuri. Shangazi akamwambia, "Hiyo ya pili, mama. Na wewe umeweka juu ya dirisha lenye jua, jua linadanganya. Weka kwenye kivuli uone rangi." Nesi akahamisha. Kweli ilikuwa nzito zaidi kivulini. Nesi akaandika.

Jumanne, 7 Mei

Tuko nyumbani. Mrija umetolewa. Nimeacha kahawa, nimeacha machungwa, nimepewa mazoezi ya kukichelewesha kibofu kidogokidogo kama mtoto mkaidi. Daktari hakuniahidi kupona. Aliahidi kwamba itapungua, na kwamba hatanipa tena dawa ya mdudu asiyekuwepo. Kopo la biskuti nimelimwaga lote kwenye mfuko na kuvipeleka vidonge hospitali wakaviteketeze. Shangazi alitazama kopo tupu akasema ataweka biskuti. Hakuna aliyecheka, kisha tukacheka.

Alhamisi, 16 Mei

Majibu ya kile kipande. Ni saratani. Ilikuwa bado juujuu, haijafika kwenye msuli wa kibofu. Daktari aliyasema yote mawili kwa pumzi moja ili la kwanza lisitukute peke yetu. Kuna dawa ya kuwekewa ndani ya kibofu, kisha kamera kila baada ya miezi mitatu, kwa miaka. Ugonjwa huu una tabia ya kurudi, akasema.

"Na mimi nina tabia ya kuangalia," shangazi akasema.

Kwenye korido alinishika mkono. "Ungenyamaza tu," akasema. "Ungecheka tu, kama ulivyokuwa unacheka chumbani. Ukuta ule ni mwembamba, unajua."

Nilichukua mkoba wake, tukaenda kuandikiwa tarehe.

Ijumaa, 17 Mei

Shule imefungwa. Mvua nayo imechoka, asubuhi yote ni matone ya kwenye mabati tu. Kipenga ameniuliza, kwa sauti ya chini, mbali na wenzake, kama najua daktari mzuri wa mambo ya mkojo. Anasimama muda mrefu, anasema, na hakitoki kitu. Nimempa jina la hospitali. Nilikuwa na sentensi nzuri sana ya kumwambia, nimeitunza tangu Machi. Nimebaki nayo.

Nilipofika nyumbani shangazi aliniita kutoka chooni.

"Njoo uone!"

Yapo mambo ambayo mtu mwenye shahada hatarajii kuitiwa. Nilikwenda. Alikuwa amesimama pembeni, ameinua taa ya simu, anamulika ndani kama mkaguzi.

"Ya ngapi?" akaniuliza.

Niliinama. Nilitazama kwa muda, kwa sababu sasa najua kwamba hili ni jambo la kutazamwa kwa muda. Maji yalikuwa meupe. Karibu yawe meupe.

"Ya nne, Shangazi."

"Ya tatu," akasema. "Una haraka kama wasomi wote. Sura yako unaiona?"

"Hapana."

"Basi ya tatu. Bado moja."

Tukasimama pale wawili, vichwa vimekaribiana, tukitazama. Kisha ikabidi nimwombe atoke, tena haraka, maana nilikuwa nimebanwa na mkamuaji ameshaanza kazi. Alitoka polepole, ameshika kiuno, akafunga mlango nyuma yake. Nilimsikia upande wa pili, hajaenda popote, anacheka.

"Si nilikwambia?" akasema. "Ukoo."